Mshono wa Nahodha

Kila mwezi wa nane kiti kilifika pwani kabla yake. Wajukuu wawili walikibeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama jeneza la mtu asiye na ndugu, wakakisimamisha kwenye mchanga mkavu penye kivuli cha mvinje. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi, ukatiliwa kipande cha tumbawe chini, mwaka hadi mwaka kipande kilekile. Hata jiwe lilikuwa na kazi pale. Kisha ndipo mwenyewe akaja: kikoi kimepigwa pasi, kofia nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi. Alikaa, akashusha pumzi kama mtu aliyerudi kutoka Maskati leo hii, kumbe ametoka nyumbani kwake nyuma ya msikiti, mwendo ambao mbuzi aliyefungwa angeumaliza bila kukata kamba.

"Haya," alisema. "Kazi."

Na kazi ikaanza, isipokuwa yake.

Tulimwita Nahodha. Msambweni nzima ilimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo, na kama alikuwa na jina jingine basi lilijulikana kwa mkewe na kwa malaika. Mimi nilimwita mkwe. Mwanawe alimwoa binti yangu, jambo ambalo yeye hakulitaka na mimi sikulitaka, na nadhani hilo ndilo jambo la pekee tulilokubaliana maishani.

Unahodha ulikuwa wa baba yake. Baba yake aliupata baharini, kwa miaka, na mikono yake ilikuwa migumu kama kwato. Hilo wazee wote wanalisimulia. Huyu wetu aliukuta ndani ya nyumba, pamoja na kasha la mninga, saa ya ukutani isiyokwenda, na mashua. Akavirithi vyote pamoja. Saa hakuitengeneza. Kasha hakuongeza kitu ndani. Mashua aliipenda, nakubali, lakini aliipenda ikiwa juu ya mchanga.

Bahari ilimchukia na yeye aliiogopa. Siku moja tulikwenda kuzika kisiwani, huko Mkwiro, mimi na yeye na watu wengine wa mtaa. Kutoka Shimoni kuvuka ule mkondo ni safari ya mtu kumaliza kula ndizi. Nahodha alishika ubavu wa chombo kwa mikono miwili, ndimu puani, macho ameyafunga, na hatujafika katikati ametapika juu ya kanzu ya mtu aliyekuwa aongoze sala ya maiti. Maiti akasaliwa na imamu aliyelowa. Jioni tuliporudi alikaa barazani kwake, wajukuu wamemzunguka, akawasimulia wimbi lililoinuka kama mnara wa msikiti.

"Muulizeni mkwe," akasema. "Alikuwepo."

Watoto wakanigeukia. Mkwe hasutwi mbele ya watoto, hiyo ni adabu niliyoikuta na nitaiacha. Nikasema, "Wimbi lilikuwepo." Sikusema lilitoka wapi.

Nieleze hapa nilivyokuwa mbele ya mtu huyu, ili msomaji asidhani ninapiga mtu kofi gizani. Mimi nimetoka nyika, kule nyuma ya Mwereni, ambako mvua ni habari ya kusimuliwa. Shule niliiacha darasa la pili. Herufi nilimalizia kuzisoma kwenye magunia. Nimevunja mawe. Nimebeba boriti begani mpaka bega likaota nundu, ipo hadi leo, njoo uishike. Nimekuwa mshika nyundo wa fundi kalafati huko Vanga kwa ujira wa wali na mchuzi. Leo nina duka kwenye barabara kuu na vyombo viwili vinavyokwenda baharini, na sikurithi hata msumari. Siku ya posa, Nahodha aliegemea mto akasema mbele ya wazee wangu, "Sisi ni watu wa maji. Hawa ni watu wa mbuzi. Watasikilizanaje?" Watu wakacheka kwa heshima. Mpaka leo wapo Msambweni watu wazima wanaoniita Mchunga Mbuzi wakidhani sisikii. Jina likishakushika halikuachi. Kumbukeni hilo, maana tutalihitaji mbele.

Sasa, mashua. Miezi ya kusi kali ilivutwa juu, mbali na maji. Shule zikifungwa mwezi wa nane, wajukuu walikusanyika kutoka Ukunda, kutoka Likoni, kutoka kwangu, kuitengeneza. Waliikwangua magamba yaliyoganda tumboni. Waliipitishia moto wa makuti makavu ili wadudu watoboao mbao wafe. Halafu wakaikalafati, ndiyo kusema kuziba kila mshono baina ya ubao na ubao kwa pamba iliyolowa mafuta, ikisukumwa ndani kwa nyundo ya mti na chembeu, ile patasi butu. Mwisho wakaipaka deheni, chokaa iliyopondwa na mafuta ya mnyama, nyeupe, yenye harufu ya kumfukuza shetani. Kisha bamvua likija, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, yanapanda mpaka chombo kilipo, nao wanakishua, yaani wanakisukuma majini.

Walikuwa wajukuu saba, na watatu kati yao ni wangu pia. Kelele zao zilisikika dukani kwangu.

"Mwinyi, pamba hiyo unaitia au unaibembeleza?"

"Naibembeleza isije ikakuvujia wewe puani!"

"Babu, mwambie Mwinyi!"

"Tumbo la chombo halichekewi!" Nahodha akanguruma kitini. "Kwangueni!"

"Babu," akaita Mwanakombo, mtoto wa kwanza wa binti yangu, "njoo uone, ubao una ufa."

"Nauona kutoka hapa."

"Ni upande wa pili, Babu."

"Nauona."

Ndivyo alivyokuwa. Aliona kupitia mbao.

Alikuwa na misemo, na misemo ilikuwa mizuri kuliko yeye. Alisema, "Chombo ni kama mke, usipokipamba kitakuaibisha mbele za watu." Mkewe alivaa leso moja mwaka mzima, mpaka maandishi yake yakafutika usijue ilikuwa inasema nini. Alisema, "Bahari haina mwenyewe," na hapo alisema kweli, hasa kama mwenyewe huyo ni yeye. Mwaka fulani nilipojitolea kumletea fundi wangu wa kukalafati, bure kabisa, alinitazama kama alivyonitazama siku ya posa. "Mkwe," akasema, "mkono wa kuajiriwa haugusi chombo cha ukoo."

Huo ndio ulikuwa mwiko wao, na nitaueleza vizuri kwa sababu habari yote imekaa juu yake. Katika ukoo ule kila mshono wa mashua ulikuwa na mwenyewe. Mtoto akifika umri wa kushika nyundo alipewa mshono wake, akaupiga yeye kila mwaka mpaka aote ndevu au aolewe. Mshono wa chini kabisa, ule wa kwenye mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ulikuwa wa mkubwa wa ukoo, yaani Nahodha. Siku ya kushua, mashua ikishaelea, Nahodha alipaza sauti kutoka kitini: "Mshono wa nani?" Maana yake, nani amevujisha? Walio ndani wakachungulia, na mwenye mshono wenye tone akataja jina lake mwenyewe, akachekwa, akazamishwa kichwa majini, yakaisha. Wakati wa baba yake, wanasema, hapakuwa na mtu aliyeogopa kutaja jina, kwa sababu mzee mwenyewe alianza kuukagua wa kwake.

Nampa haki yake mahali palipo na haki. Msichana alipewa nyundo sawa na mvulana, na wazee wa mtaa walipoguna aliwajibu kwamba maji hayaulizi. Hakuwahi kumpiga mjukuu. Alimjua kila mmoja anaogopa nini, nani analala na taa, nani hali samaki mwenye macho. Alimenya machungwa kwa maganda marefu yasiyokatika akamvisha kila mtoto bangili. Mwanakombo alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na mimi ndiye niliyemnunulia viatu. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila nikilifikiria hunikasirisha upya.

Basi, mshono wa mkuku. Mwenyewe aliupigaje, mtu asiyeshuka kitini? Aliupiga kwa sherehe. Siku ya kumalizia kalafati alishuka, akasaidiwa kupiga magoti, akasema Bismillahi, akapiga mapigo matatu. Watu wakaitikia, yeye akarudi kitini kufuta jasho ambalo halikuwepo. Nami miaka yote nikajiuliza: mshono wote ule, kutoka omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma ya chombo, unazibwa na mapigo matatu? Jibu nililipata nikiwa nimechelewa. Binti yangu ndiye aliyenipa. Mumewe alikuwa akirudi pwani peke yake watu wakiwa kwenye sala ya magharibi, anatambaa chini ya mashua, anaumaliza mshono wa baba yake. Baba anajua. Mwana anajua. Hapana aliyesema.

Sasa ukaja mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizobomoa madaraja na kutufungia barabara. Mashua haikwenda popote msimu ule. Ilikaa juu, mvua ikaipiga, kisha jua likaipiga kwa muda mrefu zaidi, mbao zikanywea zikaachana. Hoteli za Diani nazo zilikuwa zimekauka wageni. Mkwe wangu mdogo, huyo mume wa binti yangu, aliachishwa kazi ya kuhudumia meza, akaenda Malindi kutafuta nyingine. Kwa hiyo mwezi wa nane watoto walikuja, kiti kilikuja, kahawa ilikuja, mapigo matatu yakapigwa, na wa kutambaa chini ya mashua magharibi hakuwepo.

Nilipita pale nikapitisha kucha kwenye mbao. Nikaenda kitini.

"Mkwe, inyweshe kwanza."

Yeyote aliyeishi na vyombo anajua. Chombo kilichokauka hutiwa maji ya bahari ndani, kikaachwa siku kadhaa, mbao zinywe, zivimbe, zikumbatiane. Hapo ndipo unajua pamba yako imekaa au haikukaa.

"Bamvua ni Ijumaa," akasema. "Nimekwisha waalika watu. Wazee wa msikiti wanakuja. Na yuko Mzungu mmoja ana kamera."

"Liko bamvua jingine mbele."

"Mbele shule zimefunguliwa. Nitashua na nani?"

"Na watu wangu."

Akatazama bahari, ile asiyoiweza. "Mkwe," akasema, "wewe ni mtu wa kazi. Mimi ni mtu wa watu."

Ijumaa wakashua. Watoto walisukuma juu ya magogo wakipokezana mwito, mashua ikateleza vizuri, ikaelea, deheni nyeupe inameta, watu wakapiga makofi, Mzungu akapiga picha. Wajukuu sita walikuwa ndani, wa saba anatweta ukingoni. Ilipofika maji ya kifua cha mtu mzima nikaona imekaa vibaya, nyuma imelala. Halafu nikasikia Mwinyi analia. Alikuwa na miaka saba na maji yalikuwa yamemfika kiunoni, ndani ya mashua.

Niliingia na viatu vyangu. Wanaume wengine waliingia. Tulitoa watoto mmoja mmoja, hakuumia hata mmoja, namshukuru Mungu na si mwingine. Mashua ikatua mchangani chini ya maji kama ng'ombe aliyechoka. Mwinyi alikuwa shingoni mwangu ananikaba, nami nimesimama nachuruzika, ndipo niliposikia ile sauti. Alikuwa amesimama. Si kwamba alikuja majini. Alisimama juu ya kiti.

"Mshono wa nani? Mshono wa Mwanakombo! Niliuona tangu jana!"

Pwani nzima ikageuka. Mzee mmoja wa msikiti, aliyekuwa na neno hilo tumboni kwa miaka, akalitoa: "Ndiyo faida ya kumpa msichana nyundo."

Mwanakombo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Leso imemgandia, nywele zinachuruza. Hakulia. Alikwenda mpaka kitini, akaweka nyundo yake ya mti chini, karibu na lile jiwe la tumbawe.

"Haya, Babu," akasema, akaondoka.

 Ile adabu ya ukwe ilinifunga mdomo, na sijawahi kubeba boriti nzito kama ile.

Asubuhi yake bahari ilikuwa imekupwa. Mashua ililala mchangani imejaa maji ya jana tumboni. Sasa fikirini wenyewe: chombo kilichojaa, nje pakavu, kitatoa maji palepale kilipoyaingizia. Nilichuchumaa. Mshono wa Mwanakombo, ubao wa tatu kutoka chini, ulikuwa mkavu kama ulimi wa aliyefunga saumu. Kwenye mkuku maji yalitoka kama bomba, kutoka omo hadi tezi, isipokuwa mahali padogo pa upana wa kiganja. Mapigo matatu, nayo kweli aliyapiga vizuri.

Nikaenda barazani kwake. Nilimkuta peke yake, na kwa kuwa tulikuwa peke yetu, adabu iliniruhusu.

"Mkwe, nimetoka kwenye mashua. Ni mshono wako."

"Najua," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa ananimiminia kahawa.

"Unajua?"

"Nilijua jana, kabla haijazama. Nilipoona imelala nyuma, nilijua."

"Na ukamtaja mtoto."

"Mkwe, kaa. Mtoto husahau. Aibu ya mtoto hutoka na maji ya kuoga. Mimi kwa umri huu, aibu ile ningeingia nayo kaburini. Wewe ni mtu mzima, pima mwenyewe."

Nimekutana na wezi. Nimekutana na nahodha aliyewaacha mabaharia wake kisiwani akaondoka na samaki. Wote wale walifanya ubaya kwa pupa. Huyu alikuwa amekaa, amepima, na kikombe mkononi.

"Utalisema," nikamwambia. "Palepale, mbele ya walewale."

"Sitalisema."

Kahawa yake sikuinywa. Niliiacha ipoe, na mpaka yalipotokea yale nitakayowasimulia sikuvuka tena kizingiti chake.

Mtoto husahau! Wiki haikupita, madrasa walikwisha kumpa jina: Mwanakombo Mvuja. Akipita njiani, wavulana walisema "too, too, too," kama tone linaloanguka. Mashua ilipovutwa na kukalafatiwa upya mwisho wa likizo, wavulana peke yao ndio walioshika nyundo. Nyundo za wasichana ziliwekwa darini. Nilimwita dukani, nikamweleza niliyoyaona kwenye mkuku, nikidhani nampa dawa.

"Nilijua, Babu," akasema. Alikuwa anapanga vibiriti kwenye rafu na hakugeuka. "Mshono wangu naujua kama meno yangu."

"Basi nitawaambia watu mimi."

"Usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Ukisema wewe, watasema mchunga mbuzi anamtetea mjukuu wake." Akapanga viwili vitatu zaidi. "Nataka aniambie yeye."

 Mtoto wa miaka kumi na mitatu alikuwa amelitaja jina langu bila kunitukana, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mwaka ukazunguka. Katikati yake Nahodha akashikwa na pumu, akalazwa hospitali palepale Msambweni. Ukwe ni ukwe. Nikaenda na madafu. Nilimkuta amenyooshwa kitandani, mfupi kuliko nilivyodhani. Watu wa kitini huonekana warefu.

"Mkwe," akasema, kifua kinapiga filimbi, "mwezi wa nane unakuja."

"Huja kila mwaka."

"Mwanakombo atakuja?"

"Muulize."

"Mwambie..." Akakohoa, akangoja. "Mwambie nampa mshono wangu. Wa mkuku. Hakuna msichana aliyewahi kupewa."

Hata pale! Hata akiwa hana pumzi ya kuzima mshumaa, alikuwa anatafuta njia ya kumtolea mtu zawadi kwa kosa lake mwenyewe.

"Mshono upi?" nikamuuliza. "Ule wa mapigo matatu?"

Akafunga macho. Nikaweka madafu juu ya kijimeza, nikaondoka. Lakini ujumbe niliufikisha kama ulivyo, maana sikutumwa kuuhariri. Mwanakombo alisikiliza, akacheka kidogo puani, akasema atakwenda.

Basi mwezi wa nane, kiti kikatangulia. Jiwe likawekwa. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu ilisemekana mgonjwa anatoka, na watu wetu hupenda kumwona mgonjwa akitoka. Yule mzee wa msikiti alikuwepo. Nahodha alikuja na fimbo, akakaa, akatweta, akangoja pumzi irudi. Mwanakombo alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akainua sauti ili wote wasikie. "Leo, mbele ya wazee, mshono wa mkuku nampa Mwanakombo!"

Watu wakashangilia. Bibi yake akapiga kigelegele. Nikaona uso wa Nahodha unarudi kuwa ule wa zamani, wa mtu wa watu, na nikasema moyoni, kafaulu tena huyu mzee.

"Ahsante, Babu," Mwanakombo akasema. "Lakini sijaota ndevu wala sijaolewa. Mimi nina mshono wangu. Huo wa kwako upige wewe."

"Mimi ni mgonjwa, mama."

"Tutakungoja."

"Nitapiga matatu, kama ada."

"Piga wote," akasema. "Mimi nitakushikia pamba."

 Hapakuwa na utovu wa adabu wowote wa kumkamatia; alisema yote kwa sauti ya mtoto anayemkaribisha babu yake chakula. Nahodha alimtazama mwanawe, aliyekuwa amerudi kutoka Malindi. Mwanawe alitazama mchanga. Nahodha akanitazama mimi. Nikamtazama vilevile, miaka yote ile ndani ya macho yangu.

Akashuka kitini.

Ilimchukua asubuhi nzima na sehemu ya alasiri. Alitambaa chini ya tumbo la mashua na kikoi chake cha pasi, akilala ubavu, akikaa, akikohoa. Hakujua kazi. Hilo ndilo lililonishangaza hata mimi niliyemdharau kwa ukamilifu: mwana wa nahodha, na hakujua. Alipiga pembeni ya chembeu, akapiga kidole, akaitia pamba nyingi hapa na kidogo pale.

"Babu," Mwinyi akasema, "chembeu umeishika kama kijiko."

Watoto wakacheka, wakajiziba midomo. Nahodha naye akacheka, chini kule, kicheko chenye filimbi. Mwanakombo alimpa pamba, akamfuta chokaa jichoni, akamwambia pumzika, akamwambia endelea. Hakugusa nyundo. Wala mwanawe hakuthubutu kusogea, maana binti yake alikuwa amekaa njiani.

Safari hii mashua ilinyweshwa maji mpaka ikashiba, na ilipoonekana bado inatoka jasho kwenye mkuku, Mwanakombo alisema iacheni, itafika maji ya magoti tu na itarudi. Bamvua likaja. Wakaisukuma. Nahodha alikuwa ameanza kukielekea kiti chake.

"Babu, mwenye mshono hupanda," Mwanakombo akamwita. "Ndiyo ada."

Tulimpandisha sisi wawili, mimi na mwanawe. Alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Akashika ubavu kwa mikono miwili. Nikatembea kando ya mashua, maji magotini, mkono wangu juu ya mbao, kwa sababu wajukuu wangu walikuwa ndani na sikuwa nimekuwa mjinga.

Ikaelea. Watu wakangoja ile sauti kutoka mchangani, na mchangani hapakuwa na mtu wa kuitoa. Nahodha alikuwa anatazama miguu yake. Maji yalikuwa yanapanda baina ya vidole vyake, taratibu, safi.

Mwanakombo alikuwa na kopo la kuchotea maji mkononi. Hakuchota.

"Mshono wa nani, Babu?"

Akasema kitu kidogo.

"Hawakusikia."

"Wangu!" Alikuwa bado nayo, ile sauti ya kitini. Ilifika kwa wazee wa msikiti, ilifika kwenye mivinje. Akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Na ule wa mwaka jana ulikuwa wangu. Wa Mwanakombo ulikuwa mkavu."

Kisha akatapika, ubavuni, upande niliokuwa nimesimama mimi.

Mwanakombo akainama akaanza kuchota maji. Mwinyi akamzamisha Babu yake kichwa, si kwenye bahari bali kwenye kopo, ndiyo adhabu ya mwenye tone, na watu wakacheka kile kicheko cha zamani, nami nikanawa shati langu.

Watu waliniambia baadaye kwamba nimwone sasa kwa jicho jingine. Sina jicho jingine. Mwaka mzima kutoa neno moja, na likatoka kwa kusukumwa kama mtoto aliyekaa vibaya tumboni! Punda wangu alijifunza njia ya kisimani kwa asubuhi mbili. Lakini nilisikia, nilikuwa karibu kuliko wote, na nikiulizwa mbele ya watoto nitasema neno lilikuwepo, na safari hii nitasema lilitoka wapi.

Tulipogeuka kuirudisha mashua, maji ya bamvua yalikuwa yamefika kwenye mivinje. Kiti hakuna aliyekikumbuka. Kilikuwa kimeinuka kwenye jiwe lake, miguu yote minne imelingana hatimaye, kinaelea bila mtu. Nilikitazama vizuri kama fundi. Hakikuvuja popote.